"Dada, leo nimo?": Barua ya wazi kuhusu vibarua wa Mombasa

Kwa Waziri wa Fedha, Waziri wa Leba, Waziri wa Barabara na Uchukuzi, na Gavana wa Kaunti ya Mombasa.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu za heshima, naomba nijitambulishe kwa kazi yangu, kwa kuwa jina langu halitawafaa kitu na huenda likanikosesha riziki. Mimi ni karani wa vibarua katika godauni moja la mizigo hapa Mombasa. Kila siku ya kazi, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, huketi nyuma ya dirisha dogo la chuma kando ya lango, nikafungua daftari na kupokea vitambulisho vya wanaume waliopanga foleni tangu adhana ya alfajiri. Naandika jina, nambari ya kitambulisho na kazi ambayo mtu atafanya siku hiyo, kisha pembeni naacha nafasi ya sahihi au ya dole gumba. Kila afikaye dirishani huuliza swali lilelile: "Dada, leo nimo?" Akiwamo, huingia. Asipokuwamo, hurudi zake mitaani Chaani au Bangladesh (mtaa wa hapahapa Mombasa, si ile nchi), au huvuka tena feri kwenda Likoni, na nauli ya kuja imekwisha kwenda bure.

Wazee wetu husema kwamba mtu wa kazi ya siku aliitwa kibarua kwa sababu alipewa kijikaratasi, yaani barua ndogo, ambayo jioni aliirudisha ili alipwe ujira wake. Siku hizi kijikaratasi hicho hakipo. Kilichoandikwa hubaki kwa mwajiri, na yule aliyebeba jina la barua ndiye asiye na hata nakala yake. Hilo ndilo jambo lililonifanya niwaandikie, na naomba mnivumilie nikilieleza kwa urefu.

Huenda mkaona ni jambo dogo kwa watu wanaoshughulika na deni la taifa, thamani ya shilingi na mikataba ya biashara. Lakini sera za nchi hii mimi huziona daftarini kabla sijazisoma gazetini. Mwaka 2017, serikali iliporuhusu mahindi yaingizwe bila ushuru na pakiti ya unga ya kilo 2 ikauzwa shilingi 90, kurasa zangu zilijaa hadi nikawa naandika majina pambizoni: watu wa kushona magunia, wa kupakia malori, hata wa kufagia nafaka iliyomwagika sakafuni. Msamaha ule ulipokwisha, hakuna aliyepewa notisi. Niliambiwa asubuhi moja niite watu kumi badala ya arobaini, basi. Mambo huwa ni hayo hayo kwa sukari na kwa mchele. Tangazo likichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, meli huja kwa mkupuo na kila mwenye mabega hupata kazi. Tangazo likiisha muda, lango huwa kimya kama kwamba hapakuwa na mtu. Nakubali kwamba aliyetia sahihi tangazo alikuwa akimfikiria mlaji, na mlaji lazima afikiriwe. Nasema tu kwamba sahihi hiyo ndiyo iliyomwajiri mtu na ndiyo iliyomfuta, naye hakuwahi kuiona.

Mfano mzito zaidi mnaujua. Agosti 2019 iliamriwa kwamba mizigo yote ya kwenda Nairobi na bara isafirishwe kwa reli mpya ya kisasa, SGR, ikashughulikiwe katika bandari kavu ya Embakasi, Nairobi. Watu wa Mombasa waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Mahakama Kuu hapa Mombasa ikalibatilisha agizo hilo Novemba 2020, na Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais Ruto akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudishwe kwenye bandari yetu. Kati ya agizo na hukumu ni miezi kumi na mitano, na ndani yake ikaingia korona. Wenye malori walijua ni malori mangapi yameegeshwa. Wenye nyumba za kupanga Changamwe walijua ni vyumba vingapi vimehamwa. Lakini ni nani aliyehesabu vibarua waliokosa siku zao? Nimeuliza sana, na naamini hakuna, kwa sababu hawakuwa wameandikwa popote isipokuwa katika madaftari kama langu, na madaftari hayo hayaombwi na mtu. Serikali iliyapima madhara ya sera yake kwa makontena na kwa shilingi. Kwa siku za watu haikupima, na isingeweza kupima hata kama ingetaka.

Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilihudumia zaidi ya makontena milioni 2, yakihesabiwa kwa kipimo cha futi 20, na ilikuwa mara ya kwanza kufikia kiwango hicho. Nilifurahi kama Mmombasa yeyote. Hata hivyo daftari langu halikunenepa, wala sidhani kwamba la jirani yangu lilinenepa. Kontena siku hizi hushushwa na kreni, likawekwa juu ya behewa au trela, likaenda kufunguliwa Nairobi, Kampala au Kigali likiwa na lakiri yake vilevile. Sililaumu kreni, na asiyeipenda kreni hajawahi kubeba robota la mitumba kwa ngazi ya mbao. Ninachokataa ni hotuba zinazosema kwamba biashara ikikua, ajira imekua. Biashara inaweza kukua mara mbili na lango likabaki na watu walewale kumi, au wanane.

Sasa niseme habari ya sheria, kwa kuwa sheria nzuri tunayo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humtambua kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 cha sheria hiyohiyo kinasema kwamba kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haitarajiwi kwisha kabla ya miezi mitatu, basi huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi na hastahili kuondolewa bila notisi. Akiendelea hadi miezi miwili, hustahili masharti kama ya mtu ambaye tangu mwanzo hakuwa kibarua. Aliyeandika kifungu hicho alimjua kibarua vizuri. Pengine hakumjua karani wake.

Inapokaribia siku ya ishirini na tano, msimamizi huniletea karatasi yenye majina ya watu wa "kupumzishwa". Neno lenyewe ni zuri, utadhani wanapelekwa ufuoni Nyali. Mtu aliyepumzishwa hukaa wiki moja au siku kumi nje ya lango, kisha hurudi nikamwandika upya kama mgeni ambaye sijawahi kumwona. Wakati mwingine jina huhamishwa kutoka daftari letu kwenda kwa wakala wa wafanyakazi, naye mtu akaingia kwa lango lilelile, akabeba magunia yaleyale, akalipwa na mfuko mwingine. Yupo mzee mmoja wa Jomvu aliyekuwa akibeba mizigo pale kabla mimi sijaajiriwa, nami niliajiriwa mwaka 2011. Yeye ndiye huwafundisha vijana kupanga magunia ya mchele ya kilo 50 kwa kupishanisha ili rundo lisiporomoke. Ngata yake ya gunia huiweka juu ya boriti na hakuna anayeigusa. Kwa mujibu wa daftari langu, mzee huyo hajawahi kufanya kazi mwezi mmoja kamili.

Siku moja aliteguka kifundo cha mguu akiwa na gunia begani. Alipelekwa zahanati kwa tuktuk, na kabla ya saa sita mchana niliambiwa nipige mstari juu ya jina lake, ionekane kwamba siku hiyo hakuwamo. Sheria ya mafao ya majeraha kazini ipo, tena ni ya mwaka huohuo wa 2007, lakini humfaa aliyekuwa kazini, naye kwenye karatasi hakuwa kazini. Nilipiga mstari. Nayasema haya kwa sababu sipendi kuwaandikia kama mtu msafi anayewanyoshea wengine kidole. Mwandiko ule ni wangu.

Mtaniuliza: haya yanahusu nini uchumi wa taifa? Naomba tutoke langoni twende dukani. Mwenye duka wa mtaani kwetu, aliye na daftari lake la madeni, hukopesha kulingana na daftari langu. Jioni huniuliza kwa mzaha ambao si mzaha: "Fulani bado yumo?" Nikinyamaza, anajua, na mtu huyo kesho yake hununua sukari ya kupima ya shilingi kumi badala ya nusu kilo. Mwenye duka naye hupunguza oda kwa muuzaji wa jumla, na muuzaji wa jumla hupunguza kwa kiwanda. Viwanda vyetu hulalamika kwamba soko la ndani ni dogo. Soko la ndani ndilo lile foleni la alfajiri, na haliwezi kuwa kubwa ikiwa watu wake hawajui kama keshokutwa watakuwamo.

Tazameni pia upande wa Hazina. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa tozo ya nyumba, na mwajiri akaongeza kiasi hichohicho. Hukatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya ya jamii. Na hukatwa mchango wake wa NSSF, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Kuna wanaolia kwa makato hayo, na mimi ni mmoja wao. Ila kibarua anayekoma siku ya ishirini na tano hayumo hata katika kilio hicho. Bima ya afya, ambayo sisi hukatwa kidogokidogo mwezi hadi mwezi, yeye alitakiwa kuilipia ya mwaka mzima kwa mkupuo, kwa ujira wa mkono kwenda kinywani, hadi ikabidi mipango ya mikopo ibuniwe ili alipe polepole. Wakati huohuo, akinunua sabuni hulipa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16, na bei ya kila kitu kilichotoka ng'ambo imebeba ushuru wa kuendeleza reli uliotozwa tangu mwaka 2013. Kwa maneno mengine, alichangia kuijenga reli ambayo mwaka 2019 ilimwondolea kazi. Sijui kama kuna mahali pengine mchango umelipwa kwa hasara namna hiyo.

Juni 2024 Mswada wa Fedha uliondolewa baada ya vijana kujaa barabarani, Mombasa ikiwamo. Tangu hapo tumesikia mara nyingi kwamba serikali inataka kupanua wigo wa kodi badala ya kuwaongezea mzigo walewale. Waheshimiwa, wigo huo unaanzia kwa mtu anayefanya kazi siku mia mbili na hamsini kwa mwaka na ambaye vitabu vya serikali vinamwona hana ajira. Mtambueni kwa siku zake, naye atachangia NSSF, atakopesheka benki, ataweza kuomba nyumba hizo zinazojengwa kwa malipo ya kila mwezi.

Najua jibu la waajiri, kwa kuwa nakaa nao. Husema kwamba meli haifiki kwa saa ya msikiti. Wiki hii zinatia nanga tano, wiki ijayo moja, na mtu hawezi kuajiri watu arobaini wa kudumu ili thelathini wakae kivulini. Husema pia kwamba gharama zikipanda hapa, mwenye mzigo wa Kampala hugeukia Dar es Salaam, ambako tangu Oktoba 2023 kampuni ya DP World ina mkataba wa kuendesha sehemu ya bandari. Hoja hizi ni za kweli, na sitaki mzipuuze. Lakini bandari hii ilishawahi kuzijibu. Januari 1947 makuli wa Kilindini, watu wa reli, wa mahoteli na watumishi wa majumbani, wapatao 15,000, waliweka kazi chini. Walikutana Kiembeni kwenye uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini, na kiongozi aliyewaunganisha, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka huo akahamishiwa Kabarnet. Moja ya mambo yaliyowachosha ni hili la kuokotwa langoni kwa siku. Katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni na waajiri, ambao hawakuwa wakijulikana kwa huruma, walianza kuwasajili makuli: mtu akawa na mahali pake katika orodha, meli ziwe tano au moja. Wala bandari haikufilisika. Makuli wakawa miongoni mwa wafanyakazi waliolipwa vizuri nchini, na hadi leo mtu akiwa ameajiriwa na bandari kwa kudumu, Mombasa nzima humwita mwenye kazi. Kazi ya kuokota watu haikufa. Ilihama tu kutoka gatini ikaja huku nje, kwenye magodauni na yadi za makontena za Shimanzi, Changamwe na Miritini.

Wala msiseme kwamba kuhesabu ni kazi ngumu. Kila kontena linaloingia Kilindini lina herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakikisha kwamba nyingine hazikuandikwa vibaya. Mzigo wa kupita kwenda Uganda au Rwanda hufungwa lakiri ya kielektroniki. Dereva akiacha njia au akiifungua, walio ofisini hujua papo hapo. Nimeona lori likifuatiliwa kwenye skrini kutoka Mombasa hadi Malaba, mpakani mwa Uganda, kituo kwa kituo. Sasa, waliopakia mzigo uliomo ndani ya kontena lile, kila mmoja ana nambari ya kitambulisho ambayo nimeinakili kwa mkono wangu asubuhi hiyo, tena kwa kalamu ya wino, na hakuna mtambo wowote unaoipokea.

Ninachoomba, basi, si mtambo mpya wa mabilioni. Naomba Wizara ya Leba iamuru kwamba kila siku ya kazi ya kibarua iingizwe kwa nambari yake ya kitambulisho mahali ambapo yeye mwenyewe anaweza kuisoma kwa simu, kama anavyosoma ujumbe wa M-Pesa, ili barua yake irudi mkononi mwake. Mkishaweza kumlazimisha mwenye duka kutoa ankara ya kielektroniki kwa mamlaka ya kodi, KRA, hamwezi kushindwa na hili. Naomba Bunge lisaidiwe kukirekebisha kifungu cha 37 ili wiki moja ya "kupumzishwa" isifute siku zilizotangulia, na ili mtu anayeingia kwa lango moja ahesabiwe kwa lango hilo, hata akilipwa na wakala watatu tofauti. Wakaguzi wa kazi nao waje. Kwa miaka yote niliyokaa dirishani wamekuja mara mbili, na mara zote mbili tulijua tangu jana yake.

Kwa Waziri wa Fedha nina ombi kuhusu Dongo Kundu, eneo maalumu la kiuchumi la hapa Mombasa. Wawekezaji walio chini ya Sheria ya Maeneo Maalumu ya Kiuchumi ya mwaka 2015 hutozwa kodi ya mapato ya asilimia 10 kwa miaka kumi ya kwanza na asilimia 15 kwa kumi inayofuata. Hiyo ni fedha ya umma tunayoisamehe kwa matumaini ya ajira, kwa hiyo tuna haki ya kuuliza ajira gani. Msamaha uambatane na hesabu ya siku za watu, inayotolewa kila mwaka, na asiyeitoa alipe kodi kama sisi wengine. Tumekwisha kuona mambo huwaje tunapoacha kila kitu kitegemee hisani ya mbali: muda wa AGOA, sheria ya Marekani inayoruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwao bila ushuru, ulipokwisha Septemba 2025, dada zetu wa viwanda vya nguo walikaa roho juu wakisubiri habari kutoka Washington, huku wakishona suruali ambazo wao wenyewe hawatazivaa.

Nawe Mheshimiwa Gavana, najua utasema bandari ni ya serikali kuu. Someni tena Mpangilio wa Nne wa Katiba, ambao unazitaja feri na bandari miongoni mwa kazi za kaunti, isipokuwa usimamizi wa usafiri wa meli wa kimataifa na wa kitaifa. Mahakama na wanasheria na wabishane juu ya maana yake. Lakini leseni ya biashara ya godauni ninalofanyia kazi hutolewa na kaunti yako kila mwaka, na fomu yake huuliza ukubwa wa jengo. Haiulizi ni watu wangapi waliingia humo na kwa siku ngapi. Mstari mmoja wa kuongeza kwenye fomu hauhitaji ruhusa ya Nairobi.

Nina madaftari ninayoyahifadhi nyumbani, yale yaliyojaa ambayo ofisi haikuyataka tena. Yamo mahindi ya 2017, zimo Jumatatu za 2019, na umo ule mstari nilioupiga juu ya jina la mzee wa Jomvu. Mkimtuma mtu mwenye mamlaka ya kuyapokea, na mkinihakikishia usalama wa kazi yangu, nitayatoa yote. Mkipenda kuja wenyewe, njooni bila msafara, saa kumi na moja na nusu alfajiri, msimame nyuma kabisa ya foleni. Kesho Jumamosi ni siku ya ishirini na tano kwa watu sita. Karatasi ya msimamizi ninayo hapa mezani, na ameniomba majina hayo niyaandike kwa mwandiko unaosomeka.

Wenu mtiifu,

Karani wa vibarua,
Mombasa